Kitenge Kilichoficha Migongo

Asubuhi kwetu huanza na ndama. Kabla ya chai, kabla ya kufagia, mtu huchukua beseni na kwenda zizini. Kinyesi cha ndama ni laini kuliko cha mama yake, na lazima kiokotwe kingali kibichi. Ukichelewa, kuku wameshakichakura, au Kampire ameshakichukua.

Kampire ni jirani yangu. Tulianza darasa la kwanza pamoja, tukaacha shule pamoja. Hata leo tunagombania ndama mmoja wa zizini kwangu kama watoto.

"Nyirabagenzi, jana ulichukua wewe!" aliniambia asubuhi moja, beseni kiunoni.

"Jana ndama alikuwa anaharisha. Na hicho nacho unakihesabu?"

"Ninakihesabu. Mbona hukukiacha?"

Hapa Kirehe, mashariki mwa Rwanda, kinyesi hicho hatukitupi. Tunakichanganya na majivu mpaka harufu inakwisha na wadudu wanakikimbia. Kisha tunakipandisha kwenye ubao kwa vidole, mstari baada ya mstari. Kila mstari unainuka kama mgongo. Ndiyo maana picha hizo tunaziita imigongo. Zikikauka, tunazisugua kwa jiwe mpaka zinateleza. Halafu tunazipaka rangi: nyeusi, nyeupe, na nyekundu ya udongo. Bibi zetu walizichora kwenye kuta za nyumba. Sisi tunazichora kwenye mbao.

Nyumbani kwangu kazi hiyo ina watu watatu. Mimi huchanganya na kusugua. Kampire huinua migongo, maana hakuna mwenye vidole kama vyake. Mjukuu wangu Gasengayire ndiye anayebuni. Huchora kwa mkaa kwanza, na mwishoni hupaka rangi.

Mwaka huu Gasengayire alibuni mchoro ambao hatujawahi kuuona. Mistari inashuka, inavunjika, inashuka tena, kama maji ya maporomoko ya Rusumo. Ulipokamilika tulikaa kuutazama.

"Huyu mtoto ametupita," Kampire alisema.

Lakini Gasengayire alikuwa amekunja uso.

"Bibi, mistari ya chini naona kama imelala. Au ni macho yangu?"

"Mimi naiona mizuri."

"Wewe kila ninachofanya unakiona kizuri."

Hapo alinishika. Ni kweli. Mimi ni bibi yake, nitasema nini? Wasichana wa rika lake hawafanyi kazi hii. Hakuwa na mtu wa kumwuliza akamjibu bila huruma. Ndiyo sababu alikuwa akitamani kuingia katika kikundi kimoja cha wasanii kwenye mtandao. Ni watu wa nchi nyingi wanaoumba na kuchora kwa udongo. Mgeni huweka kwanza picha ya kazi yake moja. Wasimamizi wakiridhika kwamba ni kazi ya mkono, humfungulia mlango. Ndani, wasanii huonyeshana kazi zao na kuambiana ukweli.

"Basi tuipige picha," nilisema. "Lakini tuipige kwa heshima."

Na kwetu, heshima ni kupamba. Tuliufunika ukuta wa sebuleni kwa kitenge changu kipya, chenye maua makubwa mekundu na meusi. Tukauegemeza ubao juu yake. Huku na huku tukaweka maua ya plastiki. Tukafunga pazia ili majirani wasichungulie. Chumba kikawa giza, kwa hiyo Gasengayire akawasha taa ya simu. Mwanga ukapiga pa! Picha ikatoka inang'aa.

"Kama bibi harusi!" nilisema.

Gasengayire akaiweka kwenye mtandao. Chini yake akaandika jina lake, na maneno haya: "Rangi za asili juu ya ubao."

"Na kinyesi?" nilimwuliza.

"Bibi! Watu wa nje watatucheka."

Nikamwachia. Mambo ya simu ni yake, nilijiambia.

Kesho yake mchana tulikuwa tunachambua maharage, mimi, Kampire na yeye. Simu ikalia. Gasengayire akasoma, akacheka. Akasoma tena, hakucheka.

"Wanasemaje?" Kampire aliuliza.

"Mmoja anasema, kitambaa kizuri. Anauliza kinauzwa kwa mita au kwa kipande."

"Kitambaa gani?"

"Anadhani ni kitambaa, Bibi Kampire. Mwingine anasema ni kitambaa cha kiwandani kilichobandikwa kwenye ubao." Akasogeza maandishi kwa kidole. "Na msimamizi ameandika kwamba kazi za mashine haziruhusiwi. Mpaka Jumamosi niwe nimeonyesha kwamba ni kazi ya mkono. La sivyo wataiondoa, na mimi sitaingia."

"Kazi ya mashine!" Kampire aliinua vidole vyake vyote juu. "Waambie mashine ndiyo hii. Hukuwaambia nani aliinua migongo?"

Gasengayire akatazama maharage.

"Walitaka jina la msanii. Nafasi ilikuwa moja."

"Ukaandika la nani?"

Akaifunika simu kwa kiganja, akaendelea kutazama maharage. Mimi pia sikujua pa kutazama.

"Aha," Kampire alisema polepole. Akasimama, akakung'uta nguo yake. "Sawa. Basi simu hiyo na iwe inainua migongo."

Akachukua beseni lake, akaenda.

Gasengayire akaugeuza ubao, ukatazama ukuta. "Imetosha, Bibi. Mama wa rafiki yangu Uwera ana saluni. Nitaenda kujifunza kusuka. Nywele hakuna atakayesema ni kitambaa."

Sikumgombeza. Mtu aliyeungua hagombezwi siku hiyo hiyo; humwagiwa maji kwanza. Nilimpa kikombe cha maziwa ya mgando, nikamwacha.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda zizini na beseni. Hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Kinyesi chote kilikuwa changu. Siwezi kueleza jinsi kilivyokuwa kizito.

Bado nilikuwa nimesimama pale aliponikuta Mukabideri. Yeye ni jirani yetu wa upande wa barabara, hupiga picha za harusi. Alikuwa amekuja kununua maziwa.

"Bibi, uso huo vipi? Ng'ombe amekata kamba?"

"Ng'ombe yupo. Mtu ndiye aliyekata kamba," nilimjibu. Nikamweleza yote.

Akaingia ndani, akaomba kuiona ile picha. Akaitazama kwa muda. Kisha akaanza kucheka mpaka akakaa chini.

"Mnisamehe jamani. Hii ni harusi. Kuna kitenge, kuna maua, kuna taa. Bibi harusi mwenyewe yuko wapi?"

"Si huyo hapo katikati!" nilisema.

"Bibi, hebu tazama kama mtu ambaye hajawahi kufika Kirehe. Kitenge kina michoro. Ubao una michoro. Rangi ni zile zile. Jicho litajuaje kitambaa kinaishia wapi na ubao unaanzia wapi?"

Nikatazama vizuri. Lo! Kitenge changu kilikuwa kimeumeza ubao mzima.

"Ninyi mnaona migongo kwa sababu mnaijua," Mukabideri aliendelea. "Mmeigusa. Aliye mbali hana vidole, ana macho tu. Njoo, Gasengayire. Lete ubao huo."

"Wa nini tena, dada? Mimi nakwenda kusuka."

"Utakwenda kusuka. Lete ubao kwanza."

Akauleta, lakini kwa kuburuta miguu. Mukabideri akauegemeza ukutani, mahali patupu. Akawasha taa ya simu, akaielekeza mbele ya ubao moja kwa moja.

"Mnaona nini?"

"Rangi," Gasengayire alisema.

"Migongo je?"

"Imepotea."

Mukabideri akaisogeza taa taratibu mpaka ikawa ubavuni mwa ubao. Jamani! Migongo ikasimama. Kila mmoja ulikuwa na kivuli chake upande wa pili, kama vilima jua linapochomoza. Ungetamani kumtembeza mbuzi juu yake.

"Kumbe!" Gasengayire alipiga magoti karibu. "Ni kivuli!"

"Ni kivuli. Taa ikipiga kutoka mbele, inaua vivuli vyote. Kitu kilichoinuka kinaonekana bapa kama karatasi. Mwanga utoke ubavuni. Lakini usitumie taa hii, inaharibu rangi. Tumia mwanga wa mlango asubuhi. Weka ubao pembeni mwa mlango, jua lisiupige lenyewe. Ukuta wa nyuma uwe mtupu. Na simu uisimamishe sawa na katikati ya ubao. Ukiinamisha, ubao unakuwa mpana juu na mwembamba chini, kama suruali ya zamani."

Kisha akaichukua simu ya Gasengayire, akaigeuza. "Na hiki kioo kidogo cha kamera, kilifutwa lini mara ya mwisho? Kina mafuta ya maandazi."

Tukacheka sote. Nilifurahi kumwona mtoto anacheka.

"Sasa nisomee ulichoandika chini," Mukabideri alisema.

"Rangi za asili juu ya ubao."

"Na migongo imetengenezwa kwa nini? Plastiki?"

Gasengayire akapunguza sauti. "Dada, niandike kinyesi? Mbele ya watu wote wale?"

"Kikundi hicho ni cha watu wa namna gani?"

"Wa udongo."

"Wanaotia mikono kwenye matope kila siku. Hao ndio watakaokucheka? Ndicho walichokuwa wanataka kujua, wewe ukawaficha. Mtu akisoma kwamba ni kinyesi cha ndama na majivu, atajua hii haikutoka kiwandani. Hakuna kiwanda kinachoamka asubuhi kugombania ndama." Akanitupia jicho. "Andika ilivyotengenezwa, ukubwa wake, na mchoro umetoka wapi. Tena wapigie picha kazi ikiwa inaendelea. Migongo nani aliyeinua?"

Gasengayire akapitisha kidole juu ya mgongo mmoja.

"Bibi Kampire," Gasengayire alisema mwishowe. "Lakini nafasi ya jina ni moja."

"Nafasi ya jina ni moja. Nafasi ya maelezo ni kubwa kama shamba. Ukisema kazi ni yako peke yako, mwenzako akasema si kweli, kikundi kitamwamini nani? Na ukipiga picha mikono yake, umwombe ruhusa kwanza. Mikono ni yake."

Basi mchana ule tulichukua chupa ya maziwa ya mgando, tukaenda kwa Kampire. Kwetu huendi kuomba msamaha mikono mitupu. Tulimkuta anamenya viazi vitamu. Hakuinua kichwa.

"Karibuni, wenye simu."

"Bibi Kampire," Gasengayire alisema, akapiga goti. "Nimekukosea. Nimelificha jina lako."

"Jina langu tu?"

"Na kinyesi pia. Niliona haya."

Hapo Kampire akaweka kisu chini. Nilidhani anakasirika zaidi. Kumbe anashangaa.

"Uliona haya ya ng'ombe? Wewe? Mtoto wa Mnyarwanda? Tukimshukuru mtu tunamwambia uwe na ng'ombe. Mama yako aliolewa kwa ng'ombe. Hayo maziwa uliyoniletea yametoka kwa nani, kwa paka? Mbele tunakunywa, nyuma tunaona haya!"

Nikashindwa kujizuia, nikacheka. Yeye akajikaza, lakini mabega yalimtikisika.

"Ninaomba uje kesho asubuhi," Gasengayire alisema. "Tuanze ubao mdogo. Nataka kupiga picha mikono yako ikiinua migongo. Ukikubali."

"Mikono tu. Uso wangu usiende huko. Sijui utalala nyumba ya nani."

"Mikono tu."

"Na jina langu liandikwe. Lisikatwe mkia."

"Halitakatwa."

"Basi mimina maziwa."

Asubuhi yake, nilipofika zizini, beseni la Kampire lilikuwa limeshatangulia.

"Umechelewa, bibi kizee," aliniambia.

Moyo wangu ulitulia. Nilimwachia kinyesi chote.

Tulifanya kazi karibu na mlango. Gasengayire alikifuta kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Akanipiga picha mikono yangu ndani ya beseni, imejaa majivu mpaka kwenye viwiko. Akapiga vidole vya Kampire vikiinua mgongo wa kwanza. Akapiga jiwe likisugua ubao mwingine uliokwisha kukauka. Kisha akauweka ule ubao wa Rusumo pembeni mwa mlango, ukuta mtupu nyuma yake. Akapiga picha moja ya ubao mzima. Akapiga nyingine kwa karibu, ambapo migongo inaonekana kama vilima. Katika ya tatu alimwomba Kampire aweke kiganja juu ya ubao, ili watu wajue ukubwa wake.

Mukabideri alipita kuangalia.

"Picha hii hapa usiiweke," alisema. "Inaonyesha kibao cha njia na namba ya simu ya Bibi iliyoandikwa pale mlangoni kwa wanunuzi wa maziwa. Kikundi ni kizuri, lakini mtandao hauna mlango. Watu wote hupita."

"Nitaifuta."

"Picha kubwa ibaki kwako. Kwenye mtandao weka nakala ndogo. Inatosha kutazama, haitoshi mtu kuichapisha kwenye fulana. Na pembeni andika jina, lakini kwa herufi ndogo. Usiandike katikati kama tangazo la sabuni."

Jioni Gasengayire alitusomea alichoandika. Nilimwomba asome mara mbili. Kiliandikwa hivi:

"Mchoro huu ni wangu. Nimeuita Maji ya Rusumo. Umetengenezwa kwa kinyesi cha ndama na majivu juu ya ubao. Rangi ni za udongo na mimea. Kampire, jirani yetu, ameinua migongo yote kwa vidole. Bibi yangu Nyirabagenzi amechanganya na kusugua. Picha yangu ya kwanza niliipiga vibaya, ndiyo maana iliwachanganya. Ninaomba mnitazamie mistari ya chini. Je, imelala?"

"Hapo mwisho umejishusha sana," Kampire alisema.

"Sijajishusha. Nimeuliza."

Ijumaa simu ilinyamaza. Jumamosi tulikwenda kwenye kazi ya pamoja ya kusafisha mifereji, simu ikabaki nyumbani. Gasengayire alichimba mfereji kama mtu anayetafuta maji. Tuliporudi aliingia ndani bila kuvua viatu vya matope. Kampire na mimi tukasimama uani, tunajifanya tunaongea.

Akatoka amejishika mdomo.

"Wamefungua," alisema. "Bibi, wamefungua mlango! Msimamizi anaomba radhi. Anasema ile picha ya karibu alitamani kuigusa."

Kampire akapiga kigelegele, kuku wakatawanyika.

"Na yule wa kitambaa?" niliuliza.

"Amesema hajawahi kuona kitambaa kinachotoka kwa ndama."

"Na mistari?" Kampire aliuliza. "Wamesemaje mistari?"

Gasengayire akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona siku nyingi. "Mama mmoja mfinyanzi anasema ni kweli, imelala. Anasema niongeze nafasi kati ya migongo ya chini, ili kivuli kipate pa kukaa. Mwingine anapinga, anasema iachwe. Wanabishana juu ya mistari yangu, Bibi. Watu wawili ambao siwajui!"

Alisema hivyo kama mtu aliyepewa ng'ombe. Saluni hatukuisikia tena.

Siku hizi, kabla ya kuweka picha, Gasengayire husimama kwanza mlangoni na kuutafuta mwanga. Maoni ya wengine huyasoma mara mbili kabla ya kujibu. Yakiwa makali, huchota maji kwanza, ndipo ajibu. Na yeye pia huwaambia wenzake ukweli kuhusu kazi zao, kwa adabu.

Juzi yule mfinyanzi aliuliza swali. Kuta za vyungu vyake hupasuka zikikauka. Je, sisi tunatia majivu kiasi gani ili migongo isipasuke?

Gasengayire akatugeukia. "Kiasi gani?"

Mimi na Kampire tukatazamana. Hatujawahi kupima. Mkono wenyewe hujua.

"Mwambie inategemea ndama," nilisema.

"Mwambie asubiri," Kampire alisema, na alikuwa tayari anakunja mikono ya nguo. "Lete beseni. Nitamfinyangia tonge, wewe ulipige picha. Mwanga utoke ubavuni, eh? Na Nyirabagenzi, ondoa hicho kitenge chako kwenye kamba, kitaingia kwenye picha."

Nikakiondoa. Jumapili nilikivaa kanisani, na kila mtu alikiona.